Baiskeli ya Injini: Nani Ataipanda?

Katika nyumba nyingi za Sepuka na vijiji vya jirani, ukizunguka nyuma ya nyumba utaikuta baiskeli iliyochoka. Yaweza kuwa Phoenix kutoka China, Avon ya India, au Swala ya siku zile. Tairi limelika, tandiko limebaki chuma kitupu, spoki nne tano hazipo. Baba aliinunua baada ya mavuno mazuri ya alizeti, akaitumia miaka mingi, kisha bodaboda zikaingia vijijini. Baiskeli ikaegemezwa ukutani na kuku wakaifanya kitanda. Na huko kwenye bustani za vitunguu mara nyingi kuna injini ndogo ya pampu ya maji. Pampu yenyewe ilikufa zamani, lakini injini ukiivuta kamba bado inanguruma.

Kijana mwenye mikono isiyotulia akiviona vitu hivi viwili siku moja, usingizi humpaa. Atakuja na vyuma, ataomba fedha za kuchomelea, atalala na harufu ya petroli. Siku moja utasikia mngurumo uani na mbuzi watakata kamba.

Mama afanyeje? Wapo wanaokataza kabisa kwa kuhofia maisha ya mtoto, na hofu hiyo si ya bure. Wapo pia wanaomwachia afanye apendavyo, maadamu hayuko kilabuni. Makala hii ni kwa ajili ya wote wawili. Jambo lenyewe si geni wala si la kihuni. Lina historia, na ndani ya historia hiyo yumo mwanamke ambaye watu wengi hawamjui.

MKE WA FUNDI HONDA

Mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika, Japani ilikuwa imeharibika vibaya. Petroli ilikuwa ya mgao, treni zilijaa kupita kiasi, na chakula mijini kilikuwa cha shida. Akina mama walipanda baiskeli kwenda mashambani kutafuta chochote cha kupika. Katika mji wa Hamamatsu aliishi fundi mmoja aliyekaribia umri wa miaka 40, jina lake Soichiro Honda. Nyumbani kwa rafiki yake aliona injini ndogo iliyokuwa imetengenezwa ili kuzalisha umeme wa redio za jeshi. Jeshi halikuwapo tena na injini haikuwa na kazi. Honda akaona aifunge kwenye baiskeli.

Inaelezwa kwamba tangi lake la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha maji ya moto, kile ambacho Wajapani huweka kitandani siku za baridi. Kwanza aliifunga injini mbele, kwenye usukani, ikazungusha gurudumu la mbele kwa kipande cha mpira kilichogandamiza tairi. Tairi likalika upesi. Akaihamishia katikati ya fremu na kuvuta gurudumu la nyuma kwa mkanda.

Hapo ndipo anapoingia mke wake, Sachi. Honda alimletea chombo nyumbani akamwambia akijaribu. Baadaye alipenda kueleza kwamba alikitengeneza kwa sababu hakuvumilia kumwona mkewe akikanyaga pedali kwa jasho kwenda kutafuta chakula. Sachi mwenyewe, alipoulizwa uzeeni, alicheka kidogo. Alisema huenda hilo lilikuwamo, lakini alichotaka hasa mumewe ni kujua kama mwanamke ataweza kukiendesha. Basi akavaa suruali yake nzuri ya kazi, maana alijua atapita barabara zenye watu, akakipanda.

Aliporudi, suruali ilikuwa imechafuka kwa mafuta. Alimweleza mumewe waziwazi kwamba chombo hiki hakifai kuuzwa namna hii, wanunuzi watakuja kumgombeza. Honda hakuwa mtu wa kupenda kuingiliwa katika kazi, lakini siku hiyo alikubali. Mafuta yalikuwa yakirudi nyuma na kuruka nje ya kabureta, naye akalirekebisha kosa hilo kabla ya kuanza kuuza.

Injini za jeshi alizozipata, zipatazo 500, ziliisha zote. Mwaka 1947 akatoa injini yake mwenyewe, na Septemba 1948 akaanzisha kampuni inayojulikana leo duniani kote. Mwaka 1958 kampuni hiyo ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, isiyo na chuma cha kuruka katikati, hata aliyevaa sketi aliweza kuipanda bila kuinua mguu juu. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Wengi humsifu Honda kwa hayo yote. Mimi nadhani ile suruali yenye mafuta nayo ilistahili kuwekwa kwenye kabati la makumbusho.

Wafaransa nao hawakuwa nyuma. Mwaka huohuo wa 1946 walianza kuuza VéloSolex, baiskeli yenye injini ndogo juu ya gurudumu la mbele. Iliuzwa kwa mamilioni hadi mwaka 1988, na waliopenda kuipanda walikuwa walimu, mapadre, wanafunzi na akina mama wa nyumbani. Haikwenda mbio. Kilomita 30 kwa saa ndizo zilikuwa mwisho wake, na nguvu yake ilikuwa chini ya farasi mmoja. Namba hizo ndogo tutazihitaji hapa chini.

Na tusidhani mikono ya namna hii iko ng'ambo tu. Katika wilaya ya Kasungu nchini Malawi, kijana William Kamkwamba alijenga mtambo wa upepo mwaka 2002 kwa fremu ya baiskeli kuukuu na vyuma vya jalalani, na watu wakadhani amerukwa na akili mpaka taa ilipowaka. Hapa kwetu, jijini Arusha, fundi baiskeli Bernard Kiwia alijulikana kwa kubuni vifaa vinavyoendeshwa kwa baiskeli, kikiwamo cha kuchaji simu, akashiriki kuanzisha karakana ya ubunifu iitwayo Twende. Wote wawili walianza na vitu ambavyo majirani waliviona takataka.

HESABU KABLA YA NYUNDO

Sasa turudi uani. Kosa la kwanza la vijana wengi ni kudhani kwamba injini kubwa ndiyo nzuri. Mtu mzima akanyagaye pedali kwa mwendo wa kawaida hutoa nguvu kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya farasi mmoja. Injini ya pampu ya maji inayopatikana sana, ile ya sentimita za ujazo 163, hutoa farasi karibu watano. Maana yake ni sawa na kuweka watu zaidi ya 40 kwenye pedali za baiskeli moja. Fremu haikutengenezwa kwa ajili hiyo, wala spoki, wala breki. Tena injini hiyo peke yake ina uzito wa kilo 15 hivi. Injini inayofaa ni ndogo, ya sentimita za ujazo 50 au pungufu, kama zile za mabomba ya kupulizia dawa yanayobebwa mgongoni. Kama iliyopo ni kubwa na hakuna nyingine, basi waya wa resi ufungiwe nati ya kuuzuia usivutwe hadi mwisho, na nati hiyo ikae mahali ambapo marafiki zake hawatailegeza.

Kosa la pili ni la hesabu, nalo ni la hesabu za shule ya msingi. Gurudumu la baiskeli ya inchi 28 likizunguka mara moja, baiskeli husogea zaidi kidogo ya mita 2, tuseme mita 2 na sentimita 20. Ili iende kilomita 20 kwa saa, gurudumu lizunguke kama mara 150 kwa dakika. Lakini injini ya pampu huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Kwa hiyo mwendo wa injini sharti upunguzwe mara 24 kabla ya kufika kwenye gurudumu.

Hapa mama aliyewahi kusubiri kwenye mashine ya kusaga anaelewa upesi kuliko mwanawe. Pale mashineni kuna puli na mkanda. Puli ndogo ikivuta puli kubwa, ile kubwa huzunguka polepole lakini kwa nguvu zaidi. Ndivyo itakavyokuwa kwenye baiskeli. Wengi huchukua ringi ya baiskeli ya mtoto, yenye upana wa sentimita 45 hivi, wakaifunga imara kwenye spoki za gurudumu la nyuma upande wa kushoto, na hiyo ndiyo puli kubwa. Ikivutwa na puli ya sentimita 5, mwendo hupungua mara 9. Haitoshi. Kijana akiishia hapo, baiskeli itataka kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, nayo itashindwa kabisa kuanza kwenye mchanga. Hana budi kuweka mhimili wa katikati wenye beringi, unaopokea mkanda wa injini kwa puli ya sentimita 14 na kutoa mkanda wa pili kwa puli ya sentimita 5. Mara 9 kwa mara 2 na desimali 8 ni karibu 25. Sasa baiskeli itakwenda kama kilomita 19 kwa saa, mwendo ambao mtu akianguka huinuka akajipangusa mavumbi.

Injini za mabomba ya dawa huzunguka haraka kuliko hizo za pampu, mara nyingi karibu mara mbili yake, hivyo upunguzaji uwe mkubwa zaidi. Mwulize kijana: injini yako inazunguka mara ngapi, na gurudumu mara ngapi? Asipokuwa na jibu, fedha ya kuchomelea ibaki kwanza kwenye ncha ya kanga. Huko si kumkatisha tamaa. Atakwenda kwa mwalimu wake wa hesabu, na pengine itakuwa mara ya kwanza kwenda huko kwa hiari yake.

Kuhusu namna ya kuondoka na kusimama bila kuzima injini, mkanda wenyewe hutoa njia rahisi. Unaachwa ulegee kidogo. Juu yake huwekwa kigurudumu chenye mkono wa chuma. Mkono ukivutwa, kigurudumu hukaza mkanda na baiskeli huondoka. Ukiachiwa, mkanda huteleza na baiskeli husimama huku injini ikiendelea kunguruma. Springi iwekwe upande wa kuachia, ili mpandaji akishtuka na kuachia mikono, mkanda ulegee wenyewe. Jambo hili ni dogo kwa kutazama, lakini ndilo litakaloamua kama mtu atakayevamiwa na ng'ombe njiani atasimama au atawapitia.

UKINGO WA DARI

Wazee wetu wa Singida waliishi kwenye tembe, zile nyumba zenye dari bapa la miti na udongo, ambapo mavuno yalianikwa na watoto walicheza juu. Kwa hiyo msomaji wa huku halihitaji ufafanuzi mrefu lile agizo la Kumbukumbu la Torati 22:8, ambalo linamtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba yake. Ajengaye ndiye anayeulizwa. Haitoshi kusema aliyeanguka hakuwa mwangalifu.

Ukingo wa baiskeli ya injini ni breki. Na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu injini inapendeza na breki haipendezi. Hakuna kijana aliyewahi kuita wenzake waje waone breki. Zile breki za vyuma za Phoenix, zenye vipande vya mpira vinavyobana ringi kwa ndani, zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu. Zikilowa maji ya mvua hushika kidogo sana. Tena kuna jambo ambalo macho hayalioni: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili tu. Huongezeka mara nne. Baiskeli iliyosimama kwa mita 4 ikienda kilomita 15 kwa saa, itahitaji kama mita 16 ikienda kilomita 30, mbali na zile mita zinazopita mpandaji akiwa bado anashtuka.

Kwa hiyo kazi ianze na breki, kabla injini haijaguswa. Breki mbili, mbele na nyuma, mipira mipya, ringi iliyonyooka isiyopinda. Kisha ifanyiwe majaribio bila injini. Ifungwe gunia nyuma lenye uzito wa mtu, ipandwe kwenye mteremko, iachiwe, na ichorwe alama mchangani pale panapotakiwa kusimama. Ikipita alama mara moja kati ya mara kumi, kazi ya breki haijaisha.

Baada ya breki ni fremu. Injini hutikisika muda wote, na mtikisiko hula chuma taratibu kama mchwa. Bomba la fremu ya baiskeli ni jembamba, na fundi asiye na mkono mwepesi akilichomelea hulitoboa au kuliacha na kidonda ndani, na hapo ndipo litakapokatika. Ni afadhali injini ifungwe kwa vibano vya chuma na bolti, na katikati viwekwe vipande vya tairi kuukuu ili kumeza mtikisiko. Kila wiki fremu ifutwe vumbi na kutazamwa kwa makini, hasa shingo ya mbele inaposhikana na usukani na ile foku inayobeba gurudumu. Mnyororo ukikatika utasukuma baiskeli hadi nyumbani. Foku ikikatika ni jambo lingine. Tusiseme zaidi.

Tairi nalo litazamwe. Njia zetu zina mchanga mwingi wakati wa kiangazi na mbigiri mwaka mzima. Tairi jembamba lililolika likiingia mchangani huku injini inasukuma, usukani huchukuliwa kutoka mkononi. Mpandaji apunguze resi kabla ya mchanga, asisubiri awe ndani yake.

PETROLI NYUMBANI

Sehemu hii naiomba isomwe na kila mama, hata yule ambaye hana kijana fundi, maana petroli sasa inauzwa katika chupa kila kona ya kijiji.

Petroli haifanani na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakimwagika yanahitaji kuchokozwa na moto. Petroli hutoa mvuke usioonekana, unaotambaa chini sakafuni hadi kwenye jiko lililo hatua kadhaa mbali, na moto hurudi kwa njia ileile kuifuata chupa. Isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala. Ikae nje, kivulini, mbali na moto, katika chombo chenye kifuniko cha kukaza ambacho rangi yake hakuna mtu atakayeidhania kitu kingine. Isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Na mtu mzima gizani aweza kuijaza kwenye kibatari akidhani ni mafuta ya taa, na kibatari hicho kitalipuka.

Ikitokea mtoto amekunywa petroli, asitapishwe. Wengi hukimbilia kumpa maziwa au kumtia kidole kooni, na hilo laweza kuifanya petroli ikaingia kwenye mapafu, ambako hudhuru zaidi kuliko tumboni. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, pamoja na chupa yenyewe ili mganga aione.

Kujaza tangi ni mchana, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kijana anayejaza tangi usiku kwa mwanga wa kibatari amefika mwisho wa akili zake kwa siku hiyo, na anyang'anywe funguo, kama zipo.

ASKARI ATASEMAJE?

Baadhi ya vijana hujifariji kwamba hii ni baiskeli tu. La hasha. Kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, chombo kinachojiendesha kwa injini barabarani hakihesabiwi tena kama baiskeli ya kukanyaga. Kinatakiwa kusajiliwa, kuwa na bima, na kuendeshwa na mwenye leseni, naye awe amevaa kofia ngumu. Lipo hata daraja la leseni la vyombo vyenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 50, yaani A3. Kusajili chombo kilichotengenezwa uani si kazi rahisi, kwa kuwa fomu huulizia namba za kiwandani. Hivyo kabla ya kukitoa barabarani, kijana na mzazi wake waende wote wawili wakamwone askari wa usalama barabarani, wamweleze walichonacho, wasikie. Ni afadhali kusikia katazo ukiwa umeketi kwenye benchi kuliko kulisikia kando ya barabara kuu.

Wakati huohuo yapo mashamba, yapo viwanja na njia za shambani ambako chombo kinaweza kufanya kazi bila kugusa barabara. Na kwa kijana ambaye mikono yake imeonyesha inachoweza, mjini Singida kuna chuo cha VETA na ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Akienda na baiskeli yake iliyofungwa injini, hata kama haitembei vizuri, hahitaji barua ndefu ya kujieleza.

KITI NI CHA NANI?

Katika vijiji vyetu baiskeli imekuwa ya baba, na baadaye ya mtoto wa kiume. Mama ndiye anayekwenda kisimani na ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani. Ndiye anayepeleka mtoto kliniki na mzigo wa mboga mnadani, naye mara nyingi huenda kwa miguu akipishwa na baiskeli ya nyumbani kwake mwenyewe. Yule mwanamke wa Mithali 31, aletaye chakula kutoka mbali, hatuambiwi alikileta kwa usafiri gani, lakini sidhani kama mumewe alipita akimpigia kengele.

Sachi alipanda kwa sababu mumewe alitaka kujua kama mwanamke ataweza. Hilo ndilo swali ninalotamani liulizwe Sepuka kabla bolti ya kwanza haijakazwa, kwa kuwa jibu lake hubadilisha chombo chote. Kikitengenezwa kwa ajili ya kijana na marafiki zake, kitakuwa cha mbio na kelele. Kikitengenezwa kwa ajili ya mama, fremu itakayochaguliwa ni ile ya kike isiyo na chuma cha juu, ili apande akiwa amevaa kitenge. Mkanda na puli vitafunikwa kwa bati, kwa sababu ncha ya kanga ikiingia kwenye mkanda unaozunguka haitoki peke yake. Huvuta na aliyeivaa. Bomba la moshi litawekewa kinga, maana tunazijua zile alama za kuungua ndindini ambazo akina mama wengi wamezipata kwenye bodaboda. Keria itakuwa pana na ya chini, ili ndoo zikae pande mbili karibu na ardhi na zisiyumbishe. Resi itakuwa fupi. Na mtoto hatafungwa mgongoni mwa mpandaji wa chombo hiki, hata kama safari ni fupi, hata kama ni kliniki. Hapo ni kushuka na kutembea, au kulipa nauli.

Fedha nazo zizungumzwe. Mara nyingi kijana huja kuomba kwa mama, na mama hutoa kutoka kwenye mgao wa kikundi chake au faida ya mafuta ya alizeti aliyouza chupa kwa chupa. Aliyetoa ana haki ya kuuliza. VéloSolex ya kiwandani ilitumia kama lita moja na nusu kwa kilomita 100. Ya kutengenezwa uani isitarajiwe kubana hivyo. Tuseme itumie mara mbili yake, lita 3. Kwenda mnadani kilomita 10 na kurudi itakula karibu sita ya kumi ya lita. Linganisha bei ya petroli hiyo, pamoja na mikanda itakayolika na oili, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Kwa anayekwenda mara moja kwa mwezi, bodaboda ni rahisi zaidi na baiskeli iendelee kuwa ya kuku. Kwa anayekwenda mara tatu kwa wiki na mzigo, hesabu inageuka. Tena si lazima kukisia: mimina lita moja katika tangi tupu, endesha hadi izime, pima umbali, andika kwenye daftari.

Siku ya majaribio iwe mchana, kwenye uwanja wa mpira usio na watoto, kofia ngumu kichwani, na ndoo mbili za maji zikining'inia kwenye keria. Kijana aendeshe kwanza, na akishatosheka, akae kando na kumpa mama usukani. Mama azunguke mara tatu, aondoke, asimame, ageuke kulia, ageuke kushoto, avuke sehemu yenye mchanga. Akishuka aulizwe mahali palipomtisha, palipomwumiza mkono, na kama amesikia joto mguuni. Kitenge chake kitazamwe mbele na nyuma kama kina mafuta. Hayo yote yaandikwe kwenye lile daftari, na kesho yake asubuhi kijana aanze kazi upya kwa kufuata orodha ya mama.